Ni Nani Atamwashia Mgeni Moto?

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-10



Meli ya Paulo ilivunjika ikiwa na watu 276: wafungwa, askari na mabaharia. Wote walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine wameshikilia mbao. Kisiwa kiliitwa Malta. Mvua inanyesha, baridi ni kali, na hakuna mtu wanayemjua. Wenyeji wakawasha moto, wakawakaribisha wote. Hawakuuliza kwanza nani ni mfungwa na nani ni askari.

Angalia neno moja hapo. Biblia ya Union inawaita watu hao "washenzi". Kwa Kigiriki ni barbaroi, yaani watu wasiosema Kigiriki, ambao wakiongea wewe huelewi kitu. Mungu alimtunza mtume wake kwa mikono ya watu wasio wa lugha yake wala wa imani yake.

Andiko hili lilinifungukia nikiwa Korea Kusini, nikisomea biashara jijini Seoul. Kaskazini mwa jiji kuna milima ya Bukhansan, na kilele chake kirefu, Baegundae, kina mita 836. Sisi wenye Mlima Kenya wa mita 5,199 tunaweza kucheka, lakini pale mwisho ni mwamba mtupu, unapanda ukijivuta kwa nyaya za chuma. Ilikuwa Oktoba. Juu nilifika vizuri. Wakati wa kushuka, goti likakataa kabisa. Nikakaa kwenye jiwe, watu wanapita, na Kikorea changu kilikuwa cha salamu na cha kununua chakula tu.

Mzee mmoja na mkewe wakasimama. Walikuwa wakubwa kuliko wazazi wangu. Mama akatoa tango kwenye mkoba. Kule watu hubeba matango mlimani ya kukata kiu. Nikalipokea kwa mikono miwili, kama desturi yao inavyotaka ukipewa kitu na mtu mzima. Mzee akanifunga goti kwa skafu yake, akanipa fimbo yake. Wakashuka nami pole pole mpaka kituo cha basi, jua likitua. Nikajaribu kuwapa pesa. Mama akaurudisha mkono wangu mfukoni, kisha akanipa yai la kuchemsha nile njiani. Majina yao siyajui hadi leo. Hawakuuliza ninasali wapi. Pale mlimani, mtu asiyeeleweka lugha alikuwa mimi.

Wapendwa, tuone mambo matatu.

Kwanza, Mungu hatumii watu wa kanisa letu peke yao. Unaweza kuomba usiku kucha akutumie msaada, halafu akamtuma yule jirani ambaye hata humsalimii.

Pili, kupokea si aibu. Paulo, mtume mwenye karama ya uponyaji, aliota moto wa watu wengine. Lakini soma mstari wa 3: yeye mwenyewe alikuwa anaokota kuni. Baadaye akamwombea baba yake Publio, akapona. Pokea kwa shukrani, kisha na wewe ongeza kuni.

Tatu, deni la fadhili linahamishwa. Katika biashara, anayekudai anaweza kumwachia mtu mwingine haki ya kukudai. Wale wazee siwezi kuwapata tena. Lakini Kumbukumbu la Torati 10:19 inawaagiza Waisraeli wampende mgeni kwa sababu wao pia walikuwa wageni Misri. Hawakutumwa wakalipe Misri. Anayenidai leo ni mgeni aliye mlangoni pangu.

Na wageni wako, si ndio? Kuna familia kutoka Kongo imehamia kwa ploti yenu. Kuna kijana ametoka kaunti nyingine kutafuta kazi ya mjengo, na siasa ikipamba moto tunaanza kuuliza jina lake la pili kabla ya kumsalimia. Hata hapa kanisani, tunasimamisha wageni, tunawapigia makofi, tunaandika namba zao za simu. Ibada ikiisha kila mtu anaenda na watu wake, na mgeni anangoja matatu stejini peke yake. Makofi hayampi mtu joto. Watu wa Malta waliwasha moto.

Kwa hivyo wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja ambaye si wa kabila lako wala wa kikundi chako. Ulize jina lake. Mkaribishe chai, hata kama ni ya strungi. Jumapili ijayo, usitoke getini kabla hujajua mgeni mmoja anaishi wapi na anarudi nyumbani vipi.

Tuombe: Baba, asante kwa wote waliotuwashia moto tukiwa ugenini. Fungua macho yetu tumwone mgeni, na ufungue mlango wetu aingie. Katika jina la Yesu, Amina.