Jicho la Siku ya Kwanza

Wahenga wamempa mgeni siku mbili za kustarehe, na siku ya tatu wakamkabidhi jembe. Aghalabu methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mzembe, kwamba ukarimu una mpaka wake. Lakini ndani yake mna swali jingine. Ikiwa jembe huja siku ya tatu, basi siku ya kwanza mgeni ana nini mkononi? Hana kitu ila macho. Na akitoa hukumu kwa macho hayo, hukumu yake ina uzito gani?

Na ichukuliwe familia moja ya Lushoto, baba, mama na watoto watatu. Wameondoka nyumbani alfajiri, ukungu ungali umeifunika migomba. Wameteremka kona za barabara hadi Mombo, wakapita Korogwe, Segera na Muheza, na baada ya Tanga mjini wakafuata mwambao kuelekea kusini hadi Kigombe, kijiji cha wavuvi kwenye njia ya Pangani. Wanafika saa 5 asubuhi. Watoto, ambao maji makubwa waliyoyajua ni ya mto, walikuja kuona bahari, nayo wakaikuta imeondoka. Mitumbwi imekaa juu ya matope, wanaume wamelala chini ya mti, na mbali kabisa, juu ya mwamba, wanawake wachache wameinama wakichokoa mashimo kwa vijiti.

Baba, mkulima wa kabichi na viazi kwenye mteremko usiojua kumpumzisha mtu, anatikisa kichwa. "Watu wa pwani hawa," anamwambia mkewe. "Saa 5 hii, na jua lote hili." Hana nia mbaya. Kwao mlimani heshima ya mtu huanzia kwenye saa aliyoamka, naye amekuja na kipimo hicho kama alivyokuja na viatu vyake.

Bibi mmoja aliye barazani akisuka ukili amemsikia. Watoto wanamwamkia shikamoo, naye anawaitikia marahaba, kisha anamgeukia baba yao bila ya hasira. "Mwanangu, hao wamekesha baharini. Wamerudi alfajiri na maji. Leo bamvua, ngoja alasiri."

Katika maneno hayo machache mna elimu nzima. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa hiyo saa ya kazi husogea mbele kila siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao huu hupita mita 3. Katikati yake huja maji mafu. Wavuvi wa dagaa hupenda usiku wa giza, kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mbalamwezi. Wanawake wa pweza huungoja mwamba utokeze, na ukishatokeza hawana muda wa kupoteza. Kijiji, basi, hakikuwa kimelala. Kilikuwa kikifuata saa ambayo mgeni hakuivaa.

La ajabu ni kwamba mtu wa Usambara ndiye aliyepaswa kulitambua jambo hili kabla ya wengine, maana milima yake imewahi kutazamwa hivyo hivyo, na kwa gharama kubwa. Wajerumani waliufikia mji wa Lushoto na kuuita Wilhelmstal, kana kwamba bonde lilikuwa likingoja jina. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo. Wataalamu waliitazama miteremko wakaona mmomonyoko, na mmomonyoko kweli ulikuwapo. Wakaamuru matuta. Lakini hawakuuona mzigo uliowaangukia wakulima, hasa wanawake, wala hawakuuliza kwa kina kwa nini mkulima huchanganya migomba, maharage na mahindi katika shamba moja. Watu walikataa, na katika miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Macho ya wataalamu hayakuwa maovu. Yalikosa siku ya tatu.

Hapa patatokea mpinzani, na hoja yake si nyepesi. Atasema: ikiwa mgeni hana haki ya kuhukumu, basi anyamaze hata mbele ya uovu? Mwambao wa Tanga kwa miaka mingi ulisikia mishindo ya baruti, na kila mshindo uliua samaki pamoja na matumbawe yanayowalea wadogo wao. Je, mtu wa mlimani aseme kwamba hayo ni mambo ya wenyewe?

La, hasemi hivyo. Baruti ni ubaya siku ya kwanza na ni ubaya siku ya mia, na wavuvi wenyewe, waliopoteza riziki kwa ajili yake, wameulaani kabla ya mgeni yeyote. Hapana budi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Tendo laweza kuhukumiwa haraka, maana madhara yake yanaonekana. Watu hawahukumiwi haraka, maana sababu zao hazionekani. Anayesema "baruti ni mbaya" amesema kweli. Anayesema "watu wa pwani ndivyo walivyo" amesema jambo asilolijua, hata kama ameliona.

Wala kutoona si ushahidi wa kutokuwapo. Wataalamu wa ulimwengu waliamini kwamba samaki aitwaye silikanti alitoweka yapata miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wa Tanga waliwanasa wengi katika majarife ya maji marefu, na leo mwambao huo wa Kigombe umo ndani ya hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Muda wote huo alikuwako, chini ya kina ambacho macho hayakufika.

Na kuna mfano mwema wa safari iliyo kinyume na hii. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani, alipanda milima ya Usambara, akaishi miaka mingi karibu na watawala wake, akawasikiliza, ndipo akaandika Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kingali kinasomwa kwa sababu mwandishi wake aliipita siku yake ya kwanza kabla ya kushika kalamu.

Alasiri maji yanajaa. Wale waliokuwa wamelala wameshaamka, na mtumbwi wa kwanza unaingia na tanga lake. Watu wanakimbilia kuuvuta, na baba wa Lushoto, kwa kuwa kamba imempitia mbele ya miguu, anaishika. Mikono yake ya jembe inafaa. Mtumbwi ukishapanda mchangani, nahodha anampa changu wawili. Baba anatia mkono mfukoni atafute pesa, naye nahodha anakataa: "Hao si wa kuuza, ndugu yangu. Umevuta, hicho ndicho kitoweo chako."

Hakuna aliyeandika kwamba jembe lazima lingoje siku ya tatu. Mama naye anakwenda barazani na kikapu cha mapichi waliyoteremka nayo, anamwekea bibi miguuni, anakaa, na kumwomba amwonyeshe ukili unavyoanzwa.

Jioni mtoto mkubwa anauliza wavuvi watatoka saa ngapi kesho. Asubuhi baba angalimjibu papo hapo. Sasa anatazama maji, kisha anasema, "Twende tukamuulize bibi."