HAKUNA KINACHOPOTEA

Somo: Yohana 6:1-13



Sisi tuliotoka Cibitoke, mtaa ule wa kaskazini mwa Bujumbura, hatujasahau matairi yaliyochomwa barabarani wakati wa maandamano ya 2015. Jioni tuliona tairi zima. Asubuhi tulikuta nyaya tu na majivu. Mtoto akauliza, "Tairi limekwenda wapi?" Tukamjibu, "Limeisha." Wapendwa, tulimjibu vibaya.

Tairi halikuisha. Liligeuka moshi, masizi na hewa isiyoonekana. Masizi mengine yalikaa juu ya nguo tulizoanika, mengine tuliyavuta vifuani.

Mfaransa Antoine Lavoisier alipima vitu kwa mizani kabla na baada ya kuviunguza katika chombo kilichozibwa, akaona uzito wote ni uleule. Kanuni hiyo aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1789, na watoto wetu huisoma shuleni: chembe ziitwazo atomu huachana na kushikana upya, lakini hazipungui wala haziongezeki. Kilo 12 za kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa, zikiungua kabisa huchukua kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi. Tunasema makaa yameisha, kumbe kilichoruka hewani ni kizito kuliko makaa yenyewe!

Tunajifunza nini?

Kwanza, kisichoonekana hakijatoweka. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa hiyo tusilale na jiko linalowaka ndani ya nyumba au hema. Chuki nayo ni vivyo hivyo. Tulipovuka mpaka tulisema mambo ya Cibitoke yamekwisha. Lakini tukimwona mtu fulani kwenye foleni ya chakula, tunageuza uso. Chuki hiyo haijaisha. Imekuwa hewa tu, na watoto wetu wanaivuta nyumbani. Tufungue mlango, tuungame, tusameheane.

Pili, Mungu wetu hukusanya. Watu elfu tano waliposhiba, Yesu aliagiza vipande vilivyosalia viokotwe, visipotee, vikajaa vikapu 12. Hapa tuseme kweli: kanuni ya mizani haimfariji mfiwa. Atomu za nyumba iliyoungua zipo bado, lakini nyumba hatuna. Lavoisier mwenyewe aliuawa mwaka 1794 katika mapinduzi ya nchi yake, na mizani yake haikumrudisha. Kanuni hutunza uzito tu. Kuyakusanya yaliyotawanyika na kuyapa uhai ni kazi ya Mungu peke yake, naye hakusahau kipande cha mkate. Atawasahauje watu wetu?

Ndugu, wiki hii tukimwaga majivu ya jiko, tukumbuke kwamba hayo ndiyo machache tunayoyaona. Kisha kila mmoja wetu amwendee yule anayemgeuzia uso, amsalimu kwa jina lake.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.