Ukimtoa Mmoja

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 watu wa Ihanja, wilayani Ikungi, walilala kama usiku mwingine wowote. Kulipokucha makarani wa sensa wakaanza kupita na vishikwambi kuuliza nani alilala humu. Majibu yao yakaungana na ya nchi nzima, Bara na Zanzibar: watu 61,741,120.

Wengi huikata namba hiyo, wakasema milioni 62. Mimi nimekaa nayo nzima, kwa kalamu na karatasi, nikitafuta vigawo kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Ni shufwa, inagawanyika kwa 2 mara sita mfululizo, kisha kwa 5, kwa 7, kwa 43, na mwisho hubaki 641, namba tasa. Ni hiyo hiyo 641 ambayo mwanahisabati Euler aliikuta mwaka 1732 ikigawa 4,294,967,297, namba ambayo mtangulizi wake Fermat aliidhania kuwa tasa. Vigawo vyote ni 112. Wagiriki wa kale walizipanga namba kwa kujumlisha vigawo vyake, yenyewe ikiwekwa kando: 6 ni kamili, kwa kuwa 1, 2 na 3 hufanya 6. Vya kwetu hufika 110,458,688. Jumla imeipita namba yenyewe, kwa hiyo namba yetu ni ya ziada.

Sasa tuseme katika kaya moja ya Ihanja kichanga kilikuwa kimelala ndani, na hakuna aliyekitaja. Inabaki 61,741,119. Kwa mpanga bajeti hakuna kilichotokea. Kwa namba yenyewe, kila kitu kimegeuka: sasa ni witiri, vigawo vyake tasa vya kwanza ni 3 na 11, na jumla ya vigawo vyake haiifikii, kwa hiyo imekuwa pungufu. Ile 5, ile 7, ile 43, ile 641, zote zimeondoka. Wala si bahati. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1, maana kinachozigawa zote mbili lazima kigawe na tofauti yao, na tofauti yao ni mtoto yule.

Nitaambiwa kwamba sensa yoyote ina makosa, kwa hiyo tarakimu za mwisho hazina uzito. Nakubali makosa yapo. Lakini huwezi kukosea kuhesabu pasipo idadi ya kweli ya kuikosa. Usiku ule watu wa nchi hii walikuwa idadi moja tu, shufwa au witiri, ya ziada au pungufu, hata kama hakuna mwanadamu aliyeijua. Haikungoja kishikwambi. Ndiyo maana moyo wangu husita nikisikia watu wakitajwa kwa “takriban”: neno hilo linaeleza ujuzi wetu, haliwaelezi wao. Katika idadi ile kichanga cha Ihanja kilikuwamo, kitajwe kisitajwe.