Shilingi Moja Imekwenda Wapi?

Wasafiri watatu walifika katika nyumba ya wageni, wakatakiwa shilingi 30 kwa chumba. Kila mmoja akatoa shilingi 10. Baadaye mwenye nyumba akakumbuka ya kuwa kodi ya chumba kile ni shilingi 25 tu, akampa mtumishi wake shilingi 5 awarudishie. Mtumishi akawapa shilingi moja moja, na 2 akazitia mfukoni mwake. Basi, asema mwenye fumbo, kila msafiri amelipa shilingi 9, jumla 27. Ongeza 2 za mtumishi, zinakuwa 29. Shilingi moja imekwenda wapi?

Fumbo hili ni la zamani. Wengi hulisikia, wakacheka, wakaliacha. Lakini mtu apendaye kuzipima hoja kwa uadilifu hana budi kulitazama vizuri, kwani kila hesabu iliyotajwa ni sahihi. Udanganyifu umo katika neno "ongeza". Zile 2 za mtumishi zimo tayari ndani ya 27: 25 ziko kwa mwenye nyumba, na 2 kwa mtumishi. Anayetaka kuirudia 30 aongeze zile 3 walizorudishiwa wasafiri. Asiyeridhika na abadilishe tarakimu: kodi iwe shilingi 10, zirudishwe 20, mtumishi awape sita sita na kubaki na 2. Kila mmoja amelipa 4, jumla 12. Ongeza 2, ni 14. Je, sasa zimepotea shilingi 16? Hapo hata mtoto atakataa, na njia ya kufikiri ni ile ile.

Kuna jingine lidaiwalo kuthibitisha ya kwamba 1 ni sawa na 2. Asili yake ni hii: sifuri mara 1 ni sifuri, na sifuri mara 2 ni sifuri; basi gawanya pande zote mbili kwa sifuri. Likisemwa wazi hivyo halimdanganyi mtu. Kwa hiyo sifuri huvishwa kanzu: huandikwa "A kutoa B", baada ya msomaji kuambiwa mistari mitano nyuma ya kuwa A na B ni sawa. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, amesimulia ya kuwa Euclid aliwatungia wanaoanza kitabu kizima cha hoja za uongo, wapate kujizoeza kuzigundua. Kitabu hicho kimepotea.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Al-Munqidh min al-Dalal ya kwamba lau mtu angedai tatu ni zaidi ya kumi, na kwa ushahidi akaigeuza fimbo kuwa nyoka, yeye asingeitilia shaka elimu yake. Angestaajabia tu uwezo wa mtu yule. Ni haki kabisa. Asiye na jibu papo hapo halazimiki kusalimu amri. Lakini Ghazali alisimama imara kwa sababu jambo lenyewe ni tatu na kumi. Katika mengi tunayojadiliana hatuna yakini ya namna hiyo. Anayeitupa hoja kwa kuwa tu hayapendi matokeo yake, kesho ataitupa na iliyo ya kweli kwa sababu hiyo hiyo, naye atadhani anaitetea haki. Kama hujapaona mahali mwenzako alipokosea, uungwana ni kumwambia: bado sijapaona, nipe muda.

Tena katika fumbo la wasafiri liko jambo ambalo ni nadra kusikia likitajwa. Wote huitafuta shilingi isiyopotea. Aliyeiba mbili amesimama mbele yao, wala hakuna anayemwuliza.