Kukubali na Kubadilika: Falsafa Iliyomo katika Stadi za DBT

Tiba ya Tabia ya Kidialektiki, ambayo hujulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, DBT, imesimama juu ya kauli mbili zinazoonekana kugombana. Ya kwanza husema kwamba kila mtu anafanya kadiri awezavyo kwa hali aliyo nayo. Ya pili husema kwamba mtu huyo huyo hana budi kujitahidi zaidi na kubadilika. Je, mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja? Swali hilo ni la kale katika dini na falsafa. Lililo jipya katika DBT ni kuligeuza kuwa stadi zinazofundishwa kwa utaratibu, kwa mazoezi na karatasi za kujaza nyumbani. Siku hizi hujifunza stadi hizo hata watu wasio na maradhi yoyote, wanaotaka tu kuishi na hasira, huzuni na hofu za kila siku bila kuzidiwa nazo.

Mwanzilishi wake ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa Tulsa, jimbo la Oklahoma, mwaka 1943. Mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Hartford, Connecticut, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijidhuru na kutamani kufa. Baada ya kutoka, akiwa Mkatoliki mcha Mungu, alipata tukio la kiroho mwaka 1967 akisali katika kanisa dogo mjini Chicago: kwa mara ya kwanza alihisi kwamba anajipenda jinsi alivyo. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, na mwaka 1977 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Historia yake hiyo ya ugonjwa hakuitangaza hadharani mpaka mwaka 2011.

Wagonjwa aliowachagua ni wale walioshindikana kwingine, wenye kujidhuru na kujaribu kujiua mara kwa mara. Awali aliwatibu kwa tiba ya tabia ya wakati ule, ambayo shabaha yake ilikuwa kubadilisha mienendo na fikra. Wagonjwa walichukia, kwa sababu kila waliposikia wanatakiwa kubadilika waliona wanalaumiwa. Alipogeukia kuwasikiliza na kuwakubali tu, wakachukia tena, kwani mateso yao yalibaki palepale. Hapo Linehan alitambua kwamba yeye mwenyewe hajui kukubali kunafundishwaje, akaenda kujifunza: kwanza katika monasteri ya Kibudha ya Shasta Abbey, California, kisha Ujerumani kwa Willigis Jäger, mtawa wa Kibenedikti aliyekuwa pia mwalimu wa Zen. Mazoezi aliyoyapata aliyavua lugha ya kidini ili yamfae muumini na asiyeamini. Jaribio la kwanza la kitabibu lilichapishwa mwaka 1991, na kitabu cha tiba pamoja na mwongozo wa stadi vikatoka mwaka 1993.

Jina la tiba hii linatokana na dialektiki, namna ya kufikiri ambayo katika falsafa ya Ulaya huhusishwa hasa na mwanafalsafa Hegel. Kwa mtazamo huo, hoja inapokutana na kinyume chake, si lazima mojawapo iangushwe. Kila upande unaweza kubeba sehemu ya ukweli, na kazi ya akili ni kutafuta msimamo mpana unaozichukua zote mbili. Linehan aliishusha falsafa hiyo hadi kwenye maisha ya kawaida. Mtu anaweza kumpenda mzazi wake na kumkasirikia. Anaweza kuhitaji msaada na pia kuhitaji kujitegemea. Dhiki nyingi hukua pale akili inapong’ang’ania upande mmoja, ikasema “siku zote” au “kamwe”, kisha ikaona aibu upande wa pili unapojitokeza.

Stadi zenyewe zimegawanywa katika mafungu manne: mawili ya kukubali na mawili ya kubadilika. Fungu la kwanza ni uzingativu, yaani kuangalia kinachotokea sasa, kukitaja kilivyo na kushiriki bila kuhukumu. Humo hufundishwa kwamba akili ina hali tatu: inayoongozwa na hisia, inayoongozwa na hesabu kavu, na ile ya hekima inayozisikiliza zote mbili. Chukua mfano wa mtu aliyeachishwa kazi ghafla. Hisia humwambia aende akamtukane mkuu wake. Hesabu humwambia aandike barua za maombi usiku huohuo, kana kwamba hakuumia. Hekima hutambua kwamba ameumia na kwamba kodi ya nyumba bado itadaiwa, na kutoka hapo ndipo huchagua hatua.

Fungu la pili ni kuhimili dhiki. Baadhi ya stadi zake ni za kimwili kabisa. Kutumbukiza uso katika maji baridi kwa muda mfupi, pumzi ikiwa imezuiwa, hupunguza mapigo ya moyo na kuteremsha mhemko, ingawa mwenye maradhi ya moyo hapaswi kujaribu bila ushauri wa daktari. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, hufanya kazi ya namna hiyo pia. Stadi iliyo nzito zaidi katika fungu hili ni kuukubali ukweli kwa moyo wote: kuacha kupigana na jambo lililokwisha kutokea. Aliyeachishwa kazi hutakiwa kukiri kwamba barua ya kumwachisha imeandikwa, na kwamba sababu zilizoifikisha hapo, za haki au za dhuluma, zimekwisha kufanya kazi yake.

Fungu la tatu, kuratibu hisia, humfundisha mtu kuhakikisha mambo kabla ya kuyaamini. Je, ujumbe ambao haukujibiwa ni dharau, au simu imezimika tu? Hisia isipolingana na hali halisi, au ikiwa kuifuata kutaharibu mambo, mtu hufundishwa kutenda kinyume na inavyosukuma. Mwenye hofu isiyo na msingi hulisogelea analoliogopa, mwenye huzuni inayomlaza huamka na kujishughulisha, na mwenye hasira hujitenga kwa upole badala ya kushambulia. Usingizi, chakula na kujiepusha na ulevi navyo huhesabiwa humu, kwa kuwa mwili uliochoka hushindwa kwa urahisi. Fungu la nne linahusu mahusiano: kuomba, kukataa na kudai haki kwa namna inayolinda lengo, uhusiano na heshima ya nafsi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mpango huu ni kwamba kukubali ni jina zuri la kukata tamaa. DBT hujibu kwa kutenganisha kukubali na kuridhia. Kukubali kwamba jambo limetokea si kusema kwamba ni jema, wala kwamba lisizuiwe kesho. Tena, mabadiliko yoyote hudai kwanza kujua kilichopo: asiyekiri kwamba amefukuzwa hawezi kuanza kutafuta kazi nyingine. Maumivu hayaondoki kwa kukubali. Kinachopungua ni mateso ya ziada yanayozaliwa na kukataa.

Jibu hili lina mizizi mirefu. Epictetus, mwanafalsafa Mstoa aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyokuwemo, ili juhudi zote zielekezwe kwenye ya kwanza. Katika Uislamu, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili subira pamoja na shukrani, na alipoeleza kumtegemea Mungu alikataza uvivu usijifiche humo: mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyoosha mkono hamtegemei Mungu, amepotewa na akili. Kwa Mstoa na kwa mwanazuoni huyo pia, utulivu wa moyo na kazi ya mikono havikuwekwa kuwa maadui.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwa muumini, subira ina anayekusudiwa: anastahimili kwa sababu anaamini ipo hekima nyuma ya msiba. DBT imechukua zoezi ikaacha itikadi, na mkosoaji anaweza kuuliza ukweli mtupu una haki gani ya kukubaliwa. Jibu la DBT ni la kimatendo: ukweli hukubaliwa kwa kuwa kupigana nao hakuufuti, na lengo ni kujenga maisha ambayo mwenyewe ataona yanafaa kuyaishi. Yapi yanafaa, tiba haisemi. Hilo huachiwa maadili ya kila mtu. Kwa hiyo muumini anaweza kuzitumia stadi hizi ndani ya imani yake, lakini asitarajie zimpe kile ambacho imani humpa.

Pingamizi la tatu linahusu dhuluma. Kumfundisha anayepigwa nyumbani atulize pumzi zake kunaweza kumsaidia mpigaji. Hatari hiyo hutokea fungu moja linapotengwa na mengine. DBT huanza na swali la kama tatizo linaweza kutatuliwa, na inapowezekana, kulitatua au kuondoka hutangulia. Hisia iliyo sahihi, kama hofu ya hatari ya kweli, haitakiwi kugeuzwa, hutakiwa kufuatwa.

Katika tiba kamili, mafunzo ya kikundi kwa kawaida huchukua wiki 24 na mara nyingi hurudiwa kutimiza mwaka, sambamba na mazungumzo ya faragha na mtaalamu na msaada wa simu wakati wa shida. Anayejifunza kwa ajili ya maisha ya kawaida anaweza kuanza na stadi moja na kuizoea siku za utulivu, kwa sababu isiyozoewa haikumbukwi siku ya ghadhabu. Kwa mwenye mawazo ya kujiua au kujidhuru, mazoezi ya peke yake hayatoshi. Anapaswa kupata mtaalamu, na kuomba msaada huo ni kukubali na kubadilika kwa pamoja.