Nati Iliyolika Pembe: Deni la Mkono Uliotangulia

Falsafa ya maadili imezoea kuuliza mtu ana deni gani kwa jirani yake, kwa wazazi wake, kwa raia mwenzake, au hata kwa kizazi ambacho hakijazaliwa. Ni mara chache huuliza fundi ana deni gani kwa fundi asiyemjua, atakayefungua kesho kile kilichofungwa leo. Hata hivyo uhusiano huo umo chini ya kila gari, na dalili yake iliyo wazi zaidi ni nati iliyoganda au iliyolika pembe.

Nati ina kazi mbili zinazovutana: kushika bila kulegea, na kuachia inapotakiwa. Kutu huiharibu kazi ya pili. Chuma kinapogeuka kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko awali. Na kwa kuwa kati ya hesi za nati na hesi za bolti hakuna pa kutanukia, viwili hivyo hubanana vikawa kama kitu kimoja. Ndiyo sababu mafundi wa Uingereza na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, hukutana na nati zilizoganda kila mara. Wakazi wa Mombasa na Unguja nao wanajua kwamba upepo wa bahari huifanya kazi hiyo hiyo bila kungoja theluji.

Kuganda kwa kutu, basi, mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Kulika pembe ni jambo jingine. Pembe sita za nati hazijiondoi zenyewe. Huondolewa na mkono. Huenda spana ilikuwa kubwa kidogo kuliko nati, au mdomo wake ulikuwa umechakaa, au fundi alitumia ile spana inayorekebishwa upana, ambayo katika gereji nyingi za Afrika Mashariki huitwa spana malaya kwa kuwa huikubali nati yoyote. Jina hilo lenyewe linastahili kutazamwa kimaadili. Linakitupia lawama chombo, na kwa njia ya mzaha linawatupia wanawake, ilhali aliyekichagua chombo hicho kwa kuona uvivu wa kutafuta spana ya kipimo sahihi anabaki bila jina.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba mara nyingi halimwadhibu mkosaji. Nati za magurudumu za Toyota Corolla, kwa mfano, hukazwa kwa kipimo cha takriban Nyutoni-mita 103, kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukifungua kwa spana ya kawaida. Mashine ya upepo ikiachiwa bila kipimo hukipita kiwango hicho kwa muda mfupi mno. Gari hutoka gereji likiwa zima, mteja hushukuru, na kazi huonekana imara. Miezi kadhaa baadaye, dereva yupo kando ya barabara kuu usiku, gurudumu limepasuka, watoto wamo ndani ya gari, naye amesimama juu ya spana kwa uzito wake wote. Spana inateleza, pembe zinalika. Aliyezikaza nati hizo amelala kwake, wala hajui kwamba amemdhuru mtu. Je, kutojua huko kunamwondolea deni? Hakumwondolei, kwa kuwa alijua jambo moja linalotosha: kila kilichofungwa kitakuja kufunguliwa, na huenda na mtu mwenye nguvu na vifaa vichache kuliko yeye.

Kwa upande wa pili yupo yule anayefungua. Amerithi kosa lisilo lake, na anaweza kulirekebisha au kulirithisha zaidi. Aristotle aliona kwamba katika utabibu na ubaharia hakuna kanuni inayomaliza kila hali. Mtendaji hana budi kupima kinachofaa kwa wakati ule. Fundi naye ni hivyo hivyo. Husugua kutu kwa brashi ya waya, hutia mafuta ya kupenya na kuyaachia usiku mzima, hugongagonga taratibu, hujaribu kuikaza nati kidogo kabla ya kuilegeza, na huipasha moto ili itanuke, akiwa mbali na petroli na mipira ya breki. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini kabla ya yote hayo yapo swali la mwelekeo. Pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kinyume na mazoea. Hata nati za magurudumu ya kushoto ya baadhi ya magari ya Chrysler ya miaka ya 1960 zilikuwa hivyo. Mwenye nguvu asiyelijua hilo huendelea kukaza huku akiamini kwamba anafungua.

Hata hivyo, subira nayo ina kikomo. Pembe zikishakwisha kabisa, kuendelea kuibembeleza nati ni ukaidi. Hapo fundi huichomelea nati nyingine juu yake ili apate pa kushika, au huipasua kwa tindo. Uharibifu huu unahalalishwa na mpangilio wa thamani: nati ni rahisi kuliko bolti, bolti ni rahisi kuliko kitovu cha gurudumu, na vyote ni rahisi kuliko vidole na macho ya anayefanya kazi. Nguvu inayokitoa kidogo ili kuokoa kikubwa hutofautiana na hasira, hata kama nyundo ni ile ile.

Pingamizi zito zaidi linahusu gharama. Fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa saa, hawezi kuyapa mafuta usiku mzima wakati mwenye gari analitaka jioni. Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu pikipiki na falsafa, alionesha kwamba skrubu ya senti chache ikikwama hufikia thamani ya pikipiki nzima, kwa kuwa bila kuitoa pikipiki haina faida. Asichokigusa hapo ni swali la nani aulipie muda wa kukwama. Kumhubiria subira mtu asiyelipwa kwa kusubiri ni kumwachia yeye peke yake mzigo wa wema. Mteja anayeharakisha kazi naye ana mkono katika kulika kwa pembe, na bolti ikikatika baada ya kuonywa, si haki gharama yote kuangukia gereji.

Kwa hiyo deni hili hulipwa zaidi wakati wa kufunga kuliko wakati wa kufungua. Nati huanzwa kwa vidole ili hesi zikubaliane, hukazwa kwa zamu kwa kuruka upande hadi upande, kisha humaliziwa kwa spana yenye kipimo. Hata nia njema inahitaji maarifa: watengenezaji wengi hukataza kupaka mafuta hesi za nati za magurudumu, kwa sababu kipimo kile kile huivuta bolti kupita kiasi. Na fundi aliyeikuta nati imelika, akalazimika kuiacha kwa kukosa muda au kifaa, bado anaweza kumwambia mwenye gari waziwazi, au kuliandika jambo hilo kwenye risiti, ili atakayefuata asilikute gizani.