Zahanati ya Karibu na Kipimo cha Haki

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara na watu wenye nia njema, na kwa kuwa wasemaji ni watu wema ni vigumu kuyapinga. Husema hivi: Kwanza mpelekeeni maskini zahanati karibu na nyumba yake; mambo ya ubora yatafuata baadaye, nchi ikipata nguvu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Juma hili twapenda kuyapima maneno hayo, maana yagusa jambo kubwa kuliko majengo na vitanda. Yagusa swali la nini hasa mgonjwa anachowadai wenzake, na kama deni hilo laweza kulipwa kwa vipande, ukaribu leo na ubora kesho.

Kwanza tutoe heshima panapostahili. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioitwa kwa kifupi MMAM, wenye shabaha ya kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Shabaha hiyo haikufikiwa yote, lakini matunda yake twayaona. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, akina mama 63 katika kila 100 waliojifungua walikuwa wamejifungulia penye huduma ya afya. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, safari hii ya pili vilikadiriwa kuwa 104. Makadirio ni makadirio, wala hatutaki kuyashika kama hesabu ya sarafu mkononi; lakini upande yanakoelekea ni dhahiri. Anayeidharau habari hiyo hajapata kuona nyumba ambamo mtoto mchanga analia na mama yake yuko chini ya shuka.

Basi ugomvi wetu uko wapi? Uko katika neno lile "baadaye".

Sokoni kila mtu ajua kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Mwenye duka akimwuzia maskini pishi iliyopungua kibaba, hatusemi kwamba amempa sehemu kubwa ya haki yake, twasema amempunja. Akijitetea kwamba duka lake liko karibu, na kwamba bila yeye yule maskini angetembea saa tatu kwenda kununua mjini, tutamjibu kwamba ukaribu wa duka haujazi pishi. Tena katika matibabu jambo hili ni zito kuliko sokoni. Unga uliopunjwa wafaa kwa uji hata hivyo. Dawa iliyopunjwa yaweza isiponye hata kidogo, na pengine yaufundisha ugonjwa kuishinda dawa ile siku nyingine. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, akifikishwa penye kitanda kizuri lakini pasipo dawa ya kuzuia damu wala mtu ajuaye kuitumia, hakupata nusu ya uzazi salama. Amepoteza saa ambayo angeitumia kufika kwingine.

Mwaka 2018 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la waganga liitwalo The Lancet Global Health ilitoa hesabu inayotisha. Ilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, watu zaidi ya milioni 8 hufa kila mwaka kwa maradhi ambayo yangetibika. Kati yao kama milioni 3.6 hawakufika penye tiba. Kama milioni 5 walifika. Twaomba msomaji alisome tena neno hilo: walifika. Mlango walikuwa wameuona, wakauingia, na ndani yake hawakupata kilichowapeleka.

Na kwetu je? Katika mwaka wa 2015 na 2016 Wizara ya Afya ilivikagua vituo vya afya ya msingi karibu elfu saba Tanzania Bara, ikavipa nyota, tangu sifuri hadi tano. Kama theluthi moja ya vituo hivyo havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache mno. Twaisifu Wizara kwa kujitazama katika kioo bila kukifunika, na ukaguzi uliofuata ulionyesha hali imepanda. Lakini katika kila kituo kile kisicho na nyota, watoto waliendelea kuletwa mgongoni asubuhi, na walioandikwa katika daftari walihesabiwa kuwa wamepata huduma.

Sasa twafika penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, lapaswa kuumaliza ubishi. Wasemao "ukaribu kwanza" husema kwa niaba ya maskini. Maskini mwenyewe amesemaje? Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwa wanawake wa vijijini. Ilionekana kwamba kati ya wale waliojifungulia penye huduma, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wameipita zahanati au kituo kilicho karibu nao wakaenda mbali zaidi. Hawakuwa matajiri wa magari. Walikuwa wanawake wajawazito, wenye kuijua njia ya Kasulu na vumbi lake, na walikuwa wamepiga hesabu. Tena walipoulizwa wachague, katika mifano mbalimbali ya mahali pa kujifungulia, ni mahali pa namna gani wangependa, walitanguliza mambo mawili kuliko yote: mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Ukaribu haukuwa wa kwanza, wala huduma ya bure haikuwa ya kwanza.

Twadhani wakubwa wengi hawajalitafakari jambo hili vya kutosha. Sisi tuliosoma twapenda kuamini kwamba mwanakijijini haelewi ubora, kwamba kwake hospitali ni hospitali na sindano ni sindano. La hasha. Yeye hana cheti cha uganga, lakini ajua nani alikufa wapi, na nani alikemewa wapi, na ni wapi ambapo muuguzi huamka usiku. Habari hizo hutembea kisimani na sokoni. Mwanamke anayeipita zahanati mpya iliyopakwa rangi ametoa hukumu, na hukumu hiyo ameilipia kwa miguu yake.

Kuhusu kukemewa liko jambo jingine la kujifunza, nalo latoka Tanga. Katika uchunguzi uliofanyika katika wilaya mbili za mkoa huo na kutangazwa mwaka 2014, akina mama waliulizwa walipokuwa wakitoka kituoni baada ya kujifungua kama walitendewa vibaya: kufokewa, kupuuzwa, kupigwa na mengine ya namna hiyo. Wanawake 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Majuma kadhaa baadaye baadhi yao walifuatwa nyumbani wakaulizwa tena. Sasa waliosema ndiyo walikuwa 28. Hakuna lililotendeka katikati, ila walikuwa wamekwisha toka mbele ya macho ya yule ambaye kesho watampelekea mtoto kuchanjwa. Mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine, tena akiwa uchi na mwenye uchungu, hushukuru kwanza. Kweli huja baadaye, jikoni kwake.

Tunajua watakavyojibu wauguzi, na jawabu lao lina haki ndani yake. Watasema: Njooni mkae nasi. Mmoja wetu azalisha, achoma sindano, aandika daftari kumi, na usiku hana wa kumpokea zamu. Dawa haikuletwa, na lawama yote yaangukia uso wake yeye aliye dirishani. Mwandishi aketiye mezani hana budi kunyamaza kidogo mbele ya maneno hayo. Mara nyingi husemwa kwamba lugha nzuri haigharimu hata senti. Twadhani msemo huo ni mwepesi mno. Upole wa mtu aliyekesha siku mbili wagharimu, na mwajiri anayemwacha peke yake ameshiriki katika kila neno baya linalotoka kinywani mwake. Lakini hatuwezi kufika mbali zaidi ya hapo. Kofi halitokani na upungufu wa dawa. Hakuna hesabu ya mishahara inayompa mtu ruhusa ya kumcheka mama maskini kwa khanga yake iliyochakaa, wala kumwambia aliyelia kwa uchungu maneno ambayo asingethubutu kumwambia mke wa mkurugenzi. Ndiyo maana twataka vitu viwili vitenganishwe, kile kilichokosekana na kile kilichonyimwa. Cha kwanza tukidai kwa wenye kugawa fedha, na cha pili kwa yule aliyekuwa nacho akakizuia.

Wala hospitali za misheni hazimo nje ya kipimo hiki kwa sababu ya jina zinalolichukua ukutani.

Wako sasa wenye kufuata hoja ya ubora mpaka mwisho wake. Wasema kwamba ikiwa zahanati ndogo haiwezi kufanya upasuaji wala kutia damu, basi akina mama wasizalie huko kabisa. Wote wapelekwe hospitalini, au karibu na hospitali, na zahanati ibaki na chanjo, kliniki na magonjwa madogo. Tume ile ya mwaka 2018 ilipendekeza njia ya namna hiyo. Twakiri kwamba kwa shabaha wana haki: hatari ya uzazi haipigi hodi, na mama aliye penye chumba cha upasuaji ana usalama ambao mwenzake hana. Lakini twaogopa mpangilio wa kazi. Kufunga ni rahisi kuliko kujenga. Ni rahisi mno kuandika barua ya kuondoa huduma ya uzazi katika zahanati kumi kwa siku moja, kisha barabara ikangojewa miaka mitano, na nyumba ya kuwasubirisha wajawazito karibu na hospitali ikabaki katika karatasi. Masika ikija na mto ukafurika, mama atazalia njiani, na hesabu ya hospitali itaonekana safi kwa kuwa yeye hakuingia humo. Twasema basi: asinyang'anywe mtu kidogo alichonacho kabla kile kilicho bora hakijafikika kwake kwa mguu, kwa gari au kwa namna nyingine ya kweli. Mfano upo wa jambo linalowezekana. Tangu mwaka 2022 ulianza kuenezwa nchini kote mpango uitwao m-mama, ambao mzazi mwenye dharura aweza kuombewa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa aitwa dereva wa teksi wa mahali pale, akalipwa. Hapo ukaribu umetafutwa kwa gari na simu badala ya saruji.

Tusisahau fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwisha pitishwa, nasi twaiunga mkono, maana ugonjwa mmoja waweza kuuza ng'ombe na shamba la nyumba nzima. Hata hivyo kadi ya bima ni ahadi, na ahadi hupimwa dirishani pa dawa. Sera yetu kwa miaka mingi imewasamehe malipo wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini mama anayeambiwa kwamba matibabu ni bure, ila dawa haipo na aende akanunue dukani, amesamehewa nini? Akilipishwa bima na kuambiwa hayo hayo, atakuwa amepunjwa mara mbili, na wala hatutamshangaa akikataa kuilipa mwaka wa pili.

Lililo mikononi mwetu wananchi si dogo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ulianza utaratibu wa kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo, na kila kituo hutakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajumbe hao wana haki ya kuuliza fedha zilizoingia zilinunua nini, dawa zipi ziliisha na kwa siku ngapi, na usiku wa Jumamosi zamu ilikuwa ya nani. Maswali hayo si ufitini. Mganga mwema huyapenda, maana humpa shahidi anapoidai halmashauri msaidizi.

Tena lipo sanduku la maoni. Twaliona limetundikwa mlangoni, na mgonjwa aandike karatasi mbele ya yule anayemlalamikia, kama ajua kuandika. Ufunguo wake anao nani? Wanawake wa Tanga wamekwisha tuonyesha kwamba neno lisemwalo mlangoni ni moja na lisemwalo nyumbani ni jingine. Kamati ya kijiji ikitaka kujua ubora wa zahanati yake, yafaa iwachague akina mama wawili wanaoaminika, wawatembelee waliojifungua mwezi uliopita, waketi nao barazani bila daftari, na kuwauliza kama wangerudi pale pale kwa mtoto wa pili.